Lipindue jani kwanza: makangaga ya juu ya miti, kuanzia Rungwe mpaka Mufindi

Haya ni maongezi niliyoyatoa Tukuyu kwenye mafunzo ya waongoza watalii, kamati za misitu za vijiji na walimu wachache wa baiolojia. Watu wameomba niyaweke kwa maandishi, nimeyaacha karibu vilevile yalivyotoka mdomoni, kwa hiyo sentensi ndefu mnivumilie.

Ndaga fijo kwa wenyeji wetu, na nyie mliotoka Iringa na Mufindi mkalala njiani, kamwene. Nimepewa saa moja halafu kuna chai, na mi najua chai ya Rungwe ikishanukia mlangoni hakuna atakayenisikiliza tena, basi naingia moja kwa moja.

Leo naongelea makangaga, ila sio yale ya chini yanayowasumbua wenye mashamba ukishafyeka kesho yameota tena, yale naacha. Naongelea yale yanayokaa juu ya miti, kwenye matawi na kwenye magome. Waongoza watalii mnanielewa, mgeni anasimama anaangalia juu anauliza ile ni nini, wewe unamjibu "ni kangaga" halafu mnaendelea kutembea. Sasa hapo kwenye tawi moja yanaweza kuwa yamekaa makangaga manne tofauti kabisa, na mawili kati ya hayo hata sio ndugu wa karibu, na mgeni wako akiwa mjuzi anajua kwamba hujui. Mi sitaki mjue majina mia. Nataka mtoke hapa na tabia moja tu: usiseme jina la kangaga kwa kuangalia umbo la jani ukiwa umesimama chini. Lipindue kwanza. Upande wa juu wa jani unadanganya, upande wa chini ndo una maneno, na baada ya hapo uangalie shina lake. Nitawaeleza kwa nini.

Lakini kwanza tuwekane sawa kuhusu hii habari ya kuota juu ya mti. Mmea wa namna hii wataalamu wanauita epifaiti, yaani umekaa juu ya mti mwingine kupata mwanga na nafasi lakini haunyonyi kitu ndani ya mti. Maji unapata kwenye mvua na ukungu, chakula unapata kwenye vumbi, majani yaliyooza, kinyesi cha ndege na wadudu, uchafu wowote uliokwama kwenye gome. Ndo maana ukitoka Mbeya mjini ukapita Uyole ukaanza kupanda kuelekea Isyonje unaona kabisa miti inabadilika, huku nyuma magome makavu, mbele matawi yamejaa vitu. Sio kwamba miti ya huku ni dhaifu, ni unyevu. Mvua inayopiga upande huu wa mlima Rungwe unaotazama Ziwa Nyasa ni kati ya mvua nyingi kabisa Tanzania, na hata siku isiyonyesha ukungu upo. Epifaiti haina mizizi ardhini ya kwenda kutafuta maji, kwa hiyo inakaa pale ambapo maji yanaifuata.

Duniani makangaga yanakadiriwa kama spishi 10,500 hivi, hiyo ni hesabu ya kundi kubwa la wataalamu waliokaa pamoja wakatoa mpangilio mpya mwaka 2016, na karibu theluthi ya hayo ni ya juu ya miti. Watu wengi wanadhani kangaga ni mmea wa kale tu uliobaki kutoka enzi za dainosaria, na ni kweli ukoo wenyewe ni wa kale sana, lakini utafiti wa DNA uliotoka 2004 na mwingine 2009 ulionyesha kwamba makangaga mengi tunayoyaona leo, hasa haya ya juu ya miti, yalitanuka baada ya misitu ya miti yenye maua kutokea. Miti ndo iliyaletea makazi mapya. Yaani hawa sio wazee waliosahauliwa, ni vijana wa mjini waliopanda ghorofani ghorofa zilipojengwa.

Sasa, sio kila kilichokaa kwenye tawi ni kangaga. Kuna okidi, hizo mnazijua, zina maua. Kuna kuvu-mwani, zile nyuzinyuzi za kijani-kijivu zinazoning'inia, ile haina hata majani. Kuna mosi, ile mimea midogo laini ya kijani inayofunika magome kama zulia. Na kuna moja inawachanganya sana watu, inaitwa Rhipsalis baccifera, vijiti vya kijani vinavyoning'inia visivyo na majani, na vitunda vidogo vyeupe. Ile ni kakati, jamii ya dungusi! Ndo kakati pekee duniani ambayo inaota yenyewe kiasili nje ya Amerika, ipo huko kwao na ipo Afrika mpaka Sri Lanka, na imekaa zake mtini hapa wala haisemi na mtu. Kangaga halina ua hata siku moja, wala tunda, wala mbegu. Ukiona ua, acha, sio kangaga. Na makangaga mengi jani likiwa changa linatoka limejikunja, linafunguka taratibu kuanzia chini kwenda juu.

Haya, twende kwenye mti wetu. Chukua mti wowote wa zamani maeneo haya, uwe wa msituni kule Bujingijila au uwe mti mkubwa ulioachwa katikati ya chai Mufindi. Utakuta majani membamba marefu, hayajachanika, hayana vijani vidogo vidogo pembeni, ni jani moja tu limenyooka, urefu wa kiganja au zaidi kidogo, lina mshipa katikati. Ukiwa chini unasema ni mmea mmoja umesambaa. Kila mtu anasema hivyo. Sasa panda, au tafuta tawi lililodondoka baada ya upepo, hiyo ndo njia yangu mi siku hizi, halafu pindua jani moja moja.

La kwanza ukilipindua unakuta madoa ya duara au yai hivi, makubwa, ya kahawia au ya njano, yamejipanga mstari mmoja kila upande wa mshipa wa kati, na mara nyingi yamekaa nusu ya juu ya jani tu, nusu ya chini hamna kitu. Kila doa ni rundo la vifuko vidogo sana vya spora, ile vumbi ambayo kangaga linazaliana kwayo. Wataalamu doa wanaliita sorasi, sisi hapa tuseme doa. Sasa chukua lenzi ya mkono, ile ya kukuza mara 10 inatosha, isogeze jichoni kabisa halafu sogeza jani kuelekea lenzi, usifanye kinyume chake. Utaona kwenye ngozi ya jani kuna vigamba vidogo vya duara, katikati vimeiva rangi, pembeni ni vyeupe vya kuangaza, na kila kigamba hakijashikwa pembeni bali kimeshikwa katikati na kikonyo kifupi, mwavuli kabisa. Hii ni Pleopeltis macrocarpa. Vigamba hivyo ndo saini yake. Doa likiwa changa limefunikwa na vigamba vya namna hiyohiyo, likikomaa vinadondoka. Na hii kiangazi ikikauka inajikunja unadhani imekufa, mvua ikipiga inafunguka tena inaendelea na maisha.

La pili, jani linafanana na la kwanza kiasi kwamba ukiyaweka juu ya meza upande wa juu ukiangalia tu unaweza kubishana na mwenzio mpaka jioni. Ila jani hili ni laini zaidi, jembamba kwa unene, linapungua taratibu kwenda kwenye kikonyo, na likishakomaa vile vigamba vya mwavuli huvioni vimejaa juu ya ngozi ya jani. Madoa ni ya duara yamejipanga kila upande wa mshipa, lakini yamezama ndani ya jani. Pitisha kidole upande wa juu, utagusa vinundu, pale doa lilipozama chini huku juu pamevimba. Hata gizani unaweza kulitambua kwa kidole. Hii ni Lepisorus excavatus, na ukifungua vitabu vya zamani kidogo utaikuta inaitwa Pleopeltis excavata, msichanganyikiwe, nitarudi hapo.

La tatu jani ni nene, lina nyama, mishipa ya pembeni huioni hata ukilishika kwenye jua. Pindua: hakuna madoa. Kuna mistari. Mistari mirefu ya kahawia imelala mshazari, inaanzia karibu na mshipa wa kati inaelekea juu pembeni, moja baada ya nyingine kwa usawa. Hiyo ni Loxogramme abyssinica. Hapo huhitaji lenzi, mistari ukishaiona mara moja husahau.

La nne ndo la kuchekesha. Unapindua jani, halina kitu, unapindua la pili halina kitu, unasema mmea huu hauna spora. Halafu unakuta jani moja kwenye mmea huohuo, mara nyingi jembamba zaidi na kikonyo chake kirefu zaidi, upande wa chini WOTE ni wa kahawia, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hakuna doa wala mstari, vifuko vimejaa kote isipokuwa mshipa wa kati. Hii ni Elaphoglossum. Ni jenasi kubwa sana hii, yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu, duniani kama spishi 600, nyingi ziko Amerika, na huku kwetu ziko kadhaa, na kujua ni ipi lazima uangalie magamba, ya kwenye kikonyo, ya ukingo wa jani, ya kwenye shina, rangi yake na kama ukingo wa gamba una meno. Sitaingia huko leo, tutakosa chai.

Mmeona lakini? Majani manne, umbo moja, tawi moja. Madoa yaliyotokeza, madoa yaliyozama, mistari ya mshazari, na upande wote wa kahawia. Sasa niwaambie jambo linalonifurahisha mimi binafsi. Hayo matatu ya kwanza yako familia moja, Polypodiaceae. Hilo la nne liko familia nyingine kabisa, Dryopteridaceae, ndugu zake wengi ni makangaga ya ardhini yenye majani yaliyochanika sana, ukiyaweka pamoja hutasema ni ndugu. Na hayo mawili ya kwanza yanayofanana mpaka watu wanabishana, Pleopeltis ukoo wake mkubwa uko Amerika, na Lepisorus ukoo wake mkubwa uko Asia. Wamekutana kwenye tawi moja Rungwe! Spora ni vumbi, upepo unabeba, bahari sio kitu. Kwa nini wanafanana basi? Kwa sababu maisha ya kwenye gome ni yaleyale, jua linakuja linakatika, maji yanakuja yanakatika, jani dogo gumu lisilochanika linavumilia. Umbo la jani linakwambia mmea unaishi wapi. Halikwambii ni mtoto wa nani.

Ndo maana nasisitiza spora. Na kama unataka kuona kitu, chukua jani la Pleopeltis lililoiva, madoa yawe ya kahawia sio ya kijani, litoe kwenye unyevu lilete karibu na taa yenye joto halafu weka lenzi. Kila kifuko kina ukanda wa seli zenye kuta nene upande mmoja, ukanda ukikauka maji yanapungua ndani ya seli, unajikunja kinyumenyume taratibu unafungua kifuko, halafu maji yaliyobaki yanakatika ghafla na ukanda unarudi kwa kishindo na kurusha spora. Kifuko kimoja kwa kawaida kina spora 64. Chini ya lenzi unaona vitu vinarukaruka, kuna walimu hapa nimewaonyesha wakadhani ni wadudu. Walimu, hii haihitaji maabara, fanyeni na wanafunzi.

Kuna mengine napita haraka. Asplenium, haya ni mengi sana huku, yana mistari pia lakini mstari mfupi umekaa juu ya mshipa mdogo na una kifuniko chembamba kama ukichunguza, hicho kifuniko Loxogramme haina. Asplenium sandersonii ina kichipukizi karibu na ncha ya jani, kikigusa gome kinaota mmea mpya, huyo hata spora hasubiri. Vittaria majani yake ni marefu yananing'inia unadhani ni nyasi, spora ziko kwenye mfereji pembeni mwa jani kila upande. Sawa.

Halafu Hymenophyllum na wenzake, hapa nisimame kidogo kwa sababu watu wanawaita mosi na kupita. Panda Rungwe au njia ya kwenda ziwa Ngozi asubuhi ya ukungu, angalia magome yaliyolowa upande wa kivuli, utaona vijani vidogo vya kijani vya kuonyesha, yaani ukiweka kidole nyuma unakiona. Jani lake kati ya mishipa lina unene wa seli moja tu. Moja! Haina ngozi ya kuzuia maji, ndo maana ikitoka kwenye unyevu inasinyaa mara moja, na ndo maana msitu ukifyekwa pembeni hata kama mti wenyewe mmeuacha, hawa wanatangulia kuondoka. Nani ni nani? Angalia ncha za jani, pale spora zinapokaa. Kama kuna vifuniko viwili vimebanana, ni Hymenophyllum. Kama ni kijibomba chenye unywele umetokeza katikati, ni kundi la Trichomanes na ndugu zake.

Na wale wakubwa wa kujionyesha. Drynaria volkensii, huyu wengi mmemuona, ana majani ya aina mbili. Moja ni refu, limechanika, la kijani, linafanya kazi ya jani. Jingine ni fupi, pana, limekaa limekumbatia tawi, linakauka linakuwa la kahawia na halidondoki. Watu wanasema hilo limekufa wanalichomoa ili kusafisha, jamani msilichomoe, hilo ndo debe lake la mboji, majani yanadondokea humo yanaoza na mizizi inaingia humo kula. Jina amepewa kwa ajili ya Georg Volkens, Mjerumani aliyefanya kazi Kilimanjaro miaka ya 1892 hadi 1894. Na yule anayeuzwa mjini amefungwa kwenye ubao, Platycerium, bara la Afrika lina spishi tatu: P. elephantotis ambayo jani lake halijagawanyika, P. stemaria ya magharibi na kati, na P. alcicorne ambayo huku Tanzania ni ya misitu ya chini upande wa mashariki. Spora zake ni bapa la kahawia kwenye jani, sio madoa. Ukikuta mtu anakuuzia "ya Rungwe", muulize kaitoa wapi hasa.

Sasa majina kubadilikabadilika. Hili ndo linawakera watu, hasa walimu, unafundisha mwaka huu Pleopeltis mwaka kesho ni Lepisorus, unaonekana hujui kazi. Mi nasema msikasirike, na mfano mnao wenyewe hapahapa. Kipunji. Wazee wa huku walikuwa wanamjua huyu kima siku zote, watafiti wakamuona miaka ya 2003 na 2004, mwaka 2005 akatangazwa kisayansi akawekwa jenasi ya Lophocebus, mwaka uliofuata DNA na fuvu vikaangaliwa ikaonekana hapana, huyu anastahili jenasi yake, akaitwa Rungwecebus. Kipunji mwenyewe hakubadilika hata unywele. Kilichobadilika ni uelewa wetu wa ndugu zake. Na mkiangalia vizuri neno kipunji lilibaki, ni lile la mbele lililohama. Ndo ilivyo kwa excavatus, la nyuma limebaki, ila DNA ilipoangaliwa ikaonekana karibu yake ni Lepisorus, sio Pleopeltis. Mpangilio wa zamani ulitegemea macho, doa la duara lisilo na kifuniko basi weka hapa. Macho yalifanya kazi kubwa, siyadharau, lakini umbo linajirudia kwa watu wasio ndugu kama tulivyoona kwenye tawi letu.

Kinachotuokoa majina yakihama ni sampuli, yaani mmea halisi uliokaushwa na kutunzwa. Picha ni nzuri lakini sampuli ndo inarudiwa kuulizwa maswali mapya. Hapa Rungwe tuna historia, mmisionari Mjerumani Adolf Stolz alikuwa Kyimbila kabla ya Vita ya Kwanza, alikusanya mimea mingi sana ya hii milima, na lebo zake zinasema Kyimbila mpaka leo kwenye makabati ya Ulaya. Herbariamu ya Berlin, yaani ghala la mimea iliyokaushwa, sehemu yake kubwa iliungua kwa mabomu Machi 1943, na mimea mingi ya Afrika Mashariki ikapotea hapo, lakini nakala zilizokuwa zimegawiwa herbariamu nyingine zikabaki. Ndo maana sampuli moja ikatwe nakala. Na ile Flora ya Afrika Mashariki ya Kitropiki, vitabu vinavyoorodhesha mimea ya huku, kazi iliyoanza kutoka 1952 ikamalizika 2012, iligawa Tanzania kwa kanda, T1 mpaka T8, sisi nyanda za juu kusini ni T7. Ukifungua ukurasa wa kangaga lako ukaona T7 haipo kwenye orodha na wewe umelishika mkononi Mufindi, hapo ndo kazi yako ina thamani.

Namna ya kuchukua, kwa kifupi. Ndani ya hifadhi lazima kibali, Kitulo na Udzungwa ni TANAPA, watu wa hifadhi za taifa, hifadhi ya asili ya Rungwe ni TFS, wakala wa misitu, usijifanye mwenyeji. Chukua jani lenye spora, jani lisilo na spora, na kipande kidogo cha shina chenye magamba, mmea wenyewe uache pale. Andika ni mti gani, urefu gani kutoka chini, gome ni laini au lina mipasuko, kivuli au jua, mita kutoka usawa wa bahari. Kwenye presi, zile mbao za kubania mmea ukauke, weka gazeti, na kwa hali ya hewa ya Tukuyu badilisha gazeti kila siku, la sivyo utakusanya ukungu. Kama ni picha tu basi picha tatu: mmea mzima, jani limepinduliwa karibu kabisa na shilingi pembeni kwa ajili ya kipimo, na pale kikonyo kinapoungana na shina. Zile app za simu zinalinganisha picha, ukiipa upande wa juu wa jani hilo la kwanza na la pili haina cha kushika, inabahatisha kama wewe.

Maswali yalikuwa mengi, naweka machache.

Mzee mmoja wa Masoko aliuliza kama makangaga yanaua miparachichi yake ayakwangue. Hapana mzee wangu, hayanyonyi. Tawi lililokuwa linakufa lenyewe linapoteza majani, mwanga unaingia, makangaga yanaongezeka, ukifika unakuta mgonjwa na mgeni pamoja unamsingizia mgeni. Tawi kuukuu likibeba mzigo mzito uliolowa linaweza kuvunjika kwa upepo, hapo punguza. Unayepaswa kumuogopa ni yule wa jamii ya Loranthaceae, mwenye majani ya kawaida na maua mekundu au ya njano, ndege wanampaka mbegu zake zenye ulimbo kwenye tawi, pale alipoingia tawi limevimba na ukimvuta hatoki kwa sababu yuko ndani ya mbao. Huyo kata, tena chini ya uvimbe.

Mwalimu mmoja akauliza hadubini inahitajika lini. Mwalimu, kwa kazi ya kawaida lenzi inatosha, hadubini ni pale unapotaka umbo la spora. Za Polypodiaceae nyingi zina umbo la haragwe na alama moja iliyonyooka, za Hymenophyllum ni za pembetatu na alama ya miguu mitatu. Shule yenye hadubini moja tu inaweza.

Kijana wa mwisho, muongoza watalii, alisema ana picha kwenye simu ya kangaga ambalo anaamini halijaandikwa popote, je anaweza kulipa jina. Nikamwambia inawezekana kabisa, na tangu 2012 maelezo ya mmea mpya sio lazima yaandikwe Kilatini, Kiingereza kinakubalika, na hata kuchapishwa mtandaoni kwa taratibu zake kunakubalika. Lakini picha peke yake kwa mmea wa namna hii haikubaliki, lazima iwepo sampuli halisi imehifadhiwa kwenye herbariamu inayotajwa, jina linafungwa kwenye hiyo sampuli. Nikaomba nione picha. Zilikuwa kumi na kitu, kali sana, simu nzuri. Zote za upande wa juu wa jani. Ukumbi mzima ukacheka na yeye akacheka, nikamuuliza mti anaukumbuka? Anaukumbuka. Basi aanze na kibali, chai imefika.